Amplifaya ya bei ya beberu mmoja, na sauti iliyoniita Mazingara mchana wa jua kali

Wakuu, habari za humu.

Wenye kunipa shikamoo, marahaba kwa wote mara moja, maana nikianza kuitikia mmoja mmoja tutafika jioni.

Mimi ni bibi wa Chanika, hapa Handeni mjini. Shule nilifika darasa la nne, basi. Lakini kusoma najua, na kuandika mnaona wenyewe. Nimezaa sita na nimesomesha sita. Mjukuu wangu Zaina ni muuguzi Korogwe, sindano yake huisikii. Ndiye aliyeniwekea jukwaa hili kwenye simu. Muda wote nilikuwa nasoma ugomvi wenu kimya kimya. Leo naleta wangu.

Haya yamenitokea mimi, kwa masikio yangu haya yaliyobaki. Asiyeamini apite, ila asinitukane, mimi si rika lake.

Humu jukwaani, kule upande wa vifaa vya muziki, kila wiki mtu anauliza: nina hela kidogo, ninunue amplifaya gani ya hedifoni? Mnamjibu kwa majina ya Kizungu na namba. Hakuna hata mmoja anayemuuliza anataka kusikia nini.

Mimi nilijua ninachotaka kusikia. Nilitaka kusikia kama mdogo wangu aliniita, au kama kilichoniita hakikuwa mtu.

Tulieni niwaeleze.

Nilikuwa msichana wa ndoa mpya, nina mimba ya kwanza ya miezi saba, nimerudi kwa mama yangu Mazingara nijifungulie huko. Nyumbani tulikuwa mimi, mama, na mdogo wangu Zaina. Huyo ndiye Zaina wa kwanza. Mjukuu amerithi jina lake.

Kaka yetu Rajabu alikuwa amepata kazi ya umeme Hale. Akaja likizo na redio kaseti mpya, kubwa kama sanduku la nguo. Akasema anataka kumrekodi mama nyimbo zake za kutwangia, mama alikuwa na sauti ile ya kukata. Akaiweka redio kwenye kigoda karibu na kinu, akabonyeza, akatuambia tusiiguse, akaenda zake kumsalimia mjomba. Kaka yangu alikuwa hivyo, hakai.

Zaina alikuwa amekwenda kisimani. Kile kisima cha kuchimba kwenye mchanga wa mto mkavu, mnakijua mliokulia nchi kavu.

Ilikuwa saa saba mchana. Jua limesimama utosini, mbuzi wamelala, hata kuku wamenyamaza.

Mama anatwanga na kuimba. Mimi napepeta.

Nikasikia naitwa. "Mwanaidi."

Jina langu, wazi kabisa, upande wa jabali, lile jiwe kubwa lililosimama nyuma ya nyumba yetu. Sasa kule kwa jabali hapakuwa na nyumba wala shamba. Na kisima kilikuwa upande wa pili kabisa.

Mama akasimamisha mchi. Akaniangalia tumbo, halafu akaniangalia usoni. Akasema, "Usiitike."

Wakubwa wa kwetu mnajua. Ukiitwa mchana wa jua kali na humwoni anayekuita, huitiki. Unasubiri. Kisicho mtu kinaweza kukuita mara moja, kinaweza kukuita mara mbili. Mara ya tatu hakiwezi. Ya tatu ni ya binadamu, hiyo ndiyo unaitikia. Na mwenye mimba ndiyo zaidi, maana anaitikia kwa roho mbili.

Ikaita tena. "Mwanaidi."

Mimi nikaogopa. Nikachukua kanga nikaziba masikio, kwa mikono yote miwili, nikafumba na macho. Nilipoachia, mama alikuwa anatwanga na kuimba kama kawaida.

Nikamuuliza, "Imeita tena?"

Akasema, "Haikuita."

Alasiri Rajabu akarudi kwa njia ya kisimani, akamkuta Zaina amelala njiani. Nyoka, kifutu, alimuuma juu ya kisigino. Ndoo ilikuwa imemwagika, na kichwa alikielekeza nyumbani. Alishakufa.

Alikuwa na miaka kumi na minne.

Mama mpaka anaingia kaburini alishikilia neno moja: ile sauti haikuwa Zaina, ilitoka jabalini, na iliita mara mbili tu. Tukaacha hivyo. Nikazaa, nikalea, nikazeeka. Lakini wakuu, hakuna mwaka uliopita bila mimi kujiuliza. Kama alikuwa Zaina, mimi ndiye nilimwacha kwenye lile jua.

Masika iliyopita kaka Rajabu akafariki, pale Korogwe alikojenga. Baada ya arobaini wifi akanipa boksi. Ndani kuna ile redio kaseti, kaseti moja imeandikwa MAMA KINU, na mahedifoni makubwa meusi, mazito, ya waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe.

Wifi akaniambia, "Alikuwa anaisikiliza hiyo kaseti mchana tu. Anafunga mlango. Nikigonga hafungui."

Nikamuuliza, "Alikuwa anasikilizia nini hasa?"

"Sijui, dada. Alikuwa na dude lake la chuma la kuongezea sauti, likaungua, nikawapa wanunua vyuma chakavu."

Sikulala vizuri siku zile. Rajabu alikaa na kaseti hiyo maisha yake yote na hakunipa hata mara moja. Nilikuwa namwomba, ananiambia imeliwa na redio.

Sasa tuje kwenye kilichowaleta humu.

Sikio langu la kushoto limekwisha. La kulia daktari kaniambia linakwenda, halirudi, nisikilize ninachotaka kusikiliza mapema. Kwa spika ya redio nilisikia kinu na mama, basi. Nikachomeka yale mahedifoni kwenye redio, sauti ikawa ndogo kama mbu ndani ya chupa. Nikajua hedifoni mbovu. Kumbe siyo mbovu. Zile ni za zamani, nzito kuzisukuma, redio haina ubavu nazo. Zinataka amplifaya.

Mjomba wa Zaina muuguzi, mwanangu wa tatu, yuko Dar, akasema nimpe kaseti aiingize kwenye kompyuta aisafishe. Nikaenda nayo Dar, nikampa, nikakaa naye nyumba hiyo hiyo mpaka amalize, kaseti haikutoka machoni pangu. Akaisafisha kweli. Mama anaimba kama yuko redioni. Lakini nyuma ya mama hakuna kitu. Hakuna upepo, hakuna kuku, hakuna mimi. Uwanja mzima umefutwa. Mama anaimba mahali ambapo hakuna mtu anaishi.

Nikamwambia, "Umefuta watu, baba."

Akasema, "Mama, zile ni kelele tu."

Nikarudi Handeni na kaseti yangu.

Nikauza beberu. Hiyo ndiyo bajeti, wakuu, beberu mmoja, na hakuwa mnene. Nikaenda kwa Mama Nasra, ana duka la vifaa vya simu hapa Chanika. Akanipa amplifaya ndogo ya plastiki, inachajiwa, ina taa ya bluu na kitufe cha besi. Nusu ya beberu ikaishia hapo. Akanisifia, "Bibi, hii inapiga mpaka ukuta unatikisika." Sikuwa na ukuta wa kutikisa, lakini nikanunua. Hilo kosa ni langu.

Mchana ule nikakaa chumbani. Nikachomeka kila kitu, nikavaa hedifoni, nikafungua sauti mpaka mwisho. Kaseti sijabonyeza bado. Hapa someni vizuri: kaseti haijaanza kuzunguka.

Nikasikia shiiii, kama mvua kwenye bati. Na chini ya ile mvua, watu wanaongea. Mbali, kama wako chumba cha pili na mlango umerudishwa. Halafu sauti ya kike, nyembamba.

"Mwanaidi."

Nilivua zile hedifoni nikazitupa kitandani. Nje jirani anachanja kuni, kuku wanaparua, jua linawaka. Mimi nimekaa chini na mgongo ukutani.

Sikumwambia mtu. Siku ya pili nikafunga kila kitu kwenye kanga nikapanda gari la Korogwe.

Pale sokoni Korogwe kuna fundi wa redio, Msambaa mmoja mtu mzima, namwita Fundi Mhando. Alikuwa anamtengenezea Rajabu vitu vyake. Ana mdomo, na mimi nina mdomo, tunaelewana.

"Shikamoo Bibi. Leo Wazigua mmebeba nini? Mahindi ya kunipa au maneno?"

"Marahaba. Nimekuletea kazi, kwa kuwa nyie wa milimani bila kazi mnakaa kula matunda tu."

Akacheka. Akaichukua ile ya taa ya bluu, akaitikisa, akaifungua kwa bisibisi moja.

"Ndani ya hii hakuna kitu, Bibi. Plastiki haizuii chochote. Huo waya unakamata redio za watu, unakamata simu, unakuletea vyote sikioni."

"Redio haijui jina langu, fundi."

Akaacha kufungua. Akaniangalia kwa juu ya miwani.

"Umesikia jina lako?"

"Nimesikia."

Akasema, na haya maneno yake nimeyashika, "Mchakacho, hiyo shiiii, ukiwa mwingi, kichwa chako kinaujazia. Kinakupa kile unachokitafuta. Wewe unatafuta nini?"

Hapo ndipo nilipojua shida yangu. Kama amplifaya inachakacha, nitasikia Zaina hata kama hayupo. Na nikisikia kitu kingine, nacho kimetoka kichwani mwangu. Sikutaka cha kuongeza sauti tu. Nilitaka ambacho hakisemi chochote chenyewe.

Fundi akatoa amplifaya tatu. Ya kwanza ya gari, nikamwambia hiyo ya kupigia mduara, rudisha. Ya pili mpya, nzuri, ina vitufe sita. Ya tatu boksi la chuma lililochubuka rangi, kitufe kimoja cha kuzungusha, halina taa hata ya kukujulisha limewaka.

Akanifundisha namna ya kujaribu, na mimi nawafundisha nyie bure. Chomeka hedifoni zako mwenyewe, siyo za dukani. Usipige wimbo wowote. Zungusha sauti mpaka mwisho. Sikiliza pale pasipo na kitu.

Ile ya vitufe sita ilinguruma chini chini, nnnnn, kama friji.

Lile boksi la chuma, nilifikiri hajaliwasha. Ilikuwa kama nimeingiza kichwa kwenye mtungi mtupu. Soko lote la Korogwe lilipotea. Nikasikia mate yangu ninavyoyameza.

"Bei?"

Akataja. Nikamwambia nimebakiwa na nusu beberu na hii takataka ya bluu. Tukavutana. Mwisho akachukua hela yangu, akachukua ya bluu kwa ajili ya vipuri, na kuku wawili nimpelekee Jumamosi. Nilimpelekea, asije akasoma hapa akasema vingine.

Kabla sijaondoka nikamwambia, "Fundi, vaa wewe kwanza. Kuna kaseti. Mimi siisemei kitu. Ukimaliza uniambie umesikia nini."

Nilifanya hivyo kwa sababu kichwa chake hakina cha kujazia; hata jina langu hajui, ananijua kwa Bibi tu.

Akavaa. Nikabonyeza. Nikakaa namwangalia uso.

Mwanzo alikuwa anatikisa kichwa, nyimbo za mama zimemwingia. Halafu akaacha kutikisa. Akainua kidole, kama mtu anayesema ngoja. Akainamisha kichwa. Muda ukapita. Akavua kofia, akaiweka juu ya meza, na hedifoni hajavua.

Alipomaliza akasema taratibu, "Kuna mama anatwanga na kuimba. Akanyamaza. Kuna mtu anaita mbali. Mwanaidi."

"Mara ngapi?"

"Tatu, Bibi."

"Umehesabu?"

"Nimehesabu. Ya tatu iko chini sana. Halafu yule mama akavuta pumzi, akaanza kuimba kwa nguvu kuliko mwanzo, na mchi anaupiga kama anagombana nao." Akaniangalia. "Mwanaidi ni nani?"

"Ni mimi."

Akaniwekea kiti, akanivalisha mwenyewe, akageukia ukuta kama mtu anayempisha mwenzake avae.

Wakuu, nilisikia uwanja wa kwetu. Kuku yule mwenye vifaranga. Ungo wangu, nikipepeta, mikono yangu ya usichana. Mama akisema, usiitike. Mara ya pili. Kanga yangu ikikwaruza, ni mimi naziba masikio.

Na kaseti haikuziba yake.

Ya tatu haikuwa ya kuita. Ilikuwa kama mtu anayesema jina akiwa amekaa karibu nawe, ila yuko mbali. Halafu pumzi ya mama. Halafu wimbo.

Mama alisikia.

Nimeliandika hilo nikakaa nikaliangalia. Mama alisikia ya tatu, na aliijua ni ya nani. Alikuwa na mabinti wawili, mmoja mbele yake ana mimba, mwingine hamwoni. Hapo kwenye pumzi moja akachagua huyu anayemwona, akaufunika mchana wote kwa wimbo. Na mimi nikamuuliza, akaniambia haikuita. Rajabu naye alisikia, kwa masikio yake mazima na dude lake la chuma, akanificha ili nisije nikamchukia mama.

Simchukii. Nilifikiri nitamchukia, nikangoja, haikuja.

Lakini lilibaki lile la jabali. Sauti ilitoka jabalini, kisima kiko upande wa pili. Hilo sikutaka kulikadiria kichwani.

Nikampigia Zaina muuguzi. Nikamwambia omba ruhusa ya siku moja, tunakwenda Mazingara, na usiniulize.

Nyumba yetu haipo, kuna shamba la mahindi la watu. Lakini jiwe lile la mlangoni lipo, na palipokuwa na kinu napajua. Nikamsimamisha Zaina pale pale. Nikamwambia, "Mimi nakwenda kisimani. Nitaita. Wewe usiitike. Ninyooshee mkono kuonyesha sauti imetoka wapi."

"Bibi, jua hili?"

"Jua hili hili ndilo ninalolitaka."

Nikateremka. Njia imeota miiba lakini ipo. Nilipofika pale Rajabu alipotuonyesha kuwa ndipo alipomkuta Zaina, nikageuka. Miti iliyokuwa inaziba imekatwa, mjukuu wangu namwona kama kijiti, kanga yake nyekundu. Ilikuwa saa saba. Hakuna upepo, hakuna ndege. Mchanga wa mto unawaka mpaka macho yanauma.

Nikaita jina langu mwenyewe. "Mwanaidi."

Zaina akainua mkono, akaonyesha jabalini.

Nikaita tena. Akaonyesha tena jabalini, mgongo amenipa mimi kabisa.

Kumbe pale bondeni sauti inapanda, inagonga jabali, inashukia nyumbani kwa mlango mwingine. Miaka yote. Ningekwenda siku moja tu na mtu wa kuniitia, ningelijua. Sikwenda.

Mara ya tatu sikuita. Nilisimama pale, na wakuu, sitawaambia nilisikia kitu, maana sikio langu mnalijua. Nawaambia tu nilijua ni zamu yangu.

Nikasema kwa sauti yangu yote. "Abee, Zaina. Abee, mdogo wangu. Nakuja."

Nikakaa kidogo. Halafu nikapanda.

Mjukuu wangu nilimkuta ametoka jasho, amekuja mpaka nusu ya njia kunipokea. Akanishika mkono.

"Bibi, ulikuwa unaniitikia mimi? Mimi sijakuita."

Nikamwambia, "Najua."

Akaniangalia, akatazama nyuma yangu kule kisimani, akanishika mkono kwa nguvu zaidi. Tukaenda hivyo hivyo mpaka barabarani.

Basi, hayo ndiyo yangu.

Mnaotafuta amplifaya kwa hela ndogo: acheni taa, acheni vitufe vya besi, acheni kuuliza inapiga kwa nguvu kiasi gani. Ulizeni inanyamaza kiasi gani. Kitu kilichotumika cha chuma kwa fundi mwaminifu kinashinda kipya cha plastiki. Na kabla ya kumpa mtu kompyuta akufutie kelele, mwulizeni anaita nini kelele.

Naongezea, maana mmoja kaniuliza pembeni kama kaseti nitaiuza au nitaiweka mtandaoni. Hapana kwa yote mawili. Nimeifunga kwenye ile kanga. Boksi la chuma nalitumia kusikiliza kaswida na taarifa ya habari, na kila nikiliwasha nasikiliza kwanza ule ukimya wake, kabla sijaweka kitu. Siku hizi hauniogopeshi.

Sasa semeni na nyie. Kwenu mlifundishwa kuitika ya ngapi? Na kama ungekuwa mama yangu pale kinuni, una wawili na unamwona mmoja, ungefanya nini? Mjibu kwa adabu, nasoma zote, ila polepole, miwani yangu ina ufa.